Kidonge cha Foliki Kina Tarehe Yake: Hesabu ya Siku 28 za Mwanzo

Katika kliniki za wajawazito za Pwani, mama hutoka na kijitabu chake mkononi na bahasha ndogo ya vidonge. Wenziwe wakimuuliza kapewa nini, hujibu: "Vidonge vya damu." Hajakosea. Kidonge kile kina madini ya chuma miligramu 60, na chuma hujenga damu. Lakini ndani yake mna kitu cha pili, asidi ya foliki mikrogramu 400, na hicho jina la mtaani halikitaji kabisa. Kwa hiyo mwanamke wa visiwa vya Lamu, awe wa Amu, Shela, Siyu au Kizingitini, anaweza kubeba mimba tatu akimeza foliki kila siku asijue kuwa anaimeza. Wala hajui kwamba kazi kubwa kuliko zote ya foliki hiyo ilikuwa imeshapita kabla bahasha haijafunguliwa.

Kazi hiyo ina tarehe, na tarehe hiyo haimsubiri mtu ajijue kuwa ni mjamzito.

Mgongo unavyofungwa

Foleti ni vitamini B9. Ile iliyomo ndani ya vyakula huitwa foleti. Ile iliyotengenezwa kiwandani, inayotiwa kwenye vidonge na unga, ni asidi ya foliki. Jina limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya jani, kwa kuwa mwaka 1941 wanasayansi wa Marekani waliitoa kwenye majani ya spinachi. Miaka kumi kabla ya hapo, mwaka 1931, daktari Mwingereza Lucy Wills aliyekuwa akifanya kazi Bombay alionyesha kwamba wanawake wajawazito wenye upungufu mkubwa wa damu walipata nafuu walipopewa dondoo ya chachu. Kilichokuwa kikifanya kazi ndani ya chachu ile kilikuwa foleti. Vitamini hii ilianza kujulikana kwa upande wa damu, na sifa hiyo imeganda nayo hadi leo.

Kazi yake ya ndani ni moja: kila seli inapogawanyika kuwa mbili, lazima kwanza inakili maelekezo yake yote ya urithi, na foleti ndiyo inayoleta sehemu ya malighafi za unakili huo. Mahali seli zinapogawanyika kwa kasi, foleti huliwa nyingi. Na hakuna mahali zinapogawanyika kwa kasi kama kwenye kiinitete cha wiki tatu.

Katika wiki hiyo ya tatu tangu mimba kutunga, mtoto bado ni kitu bapa, kidogo kuliko punje ya mchele. Katikati ya mgongo wake ukanda mmoja hunenepa. Kingo mbili za ukanda huo huinuka, zikainamiana kama jani changa la mgomba unapolikunja kwa urefu wake, mpaka zikutane na kushikana. Hukutana kwanza upande wa shingoni, kisha mfungo huenda pande mbili, juu kuelekea kichwani na chini kuelekea kiunoni. Ncha ya juu hufungika siku ya 25 hivi, ya chini siku ya 28 hivi. Kinachobaki ni mrija wa neva, na mrija huo ndio utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo.

Mfungo ukishindwa upande wa juu, ubongo na fuvu haviumbiki. Mtoto huyo hufia tumboni, au huzaliwa akaishi saa chache, pengine siku chache. Ukishindwa upande wa chini, mtoto huzaliwa na mgongo wazi: uvimbe laini au kidonda kwenye mgongo, neva zikiwa nje. Wengi wa watoto hawa huhitaji upasuaji mapema, huwa na miguu dhaifu, hushindwa kuzuia mkojo na choo, na maji hujaa kichwani hata kichwa kikawa kikubwa.

Sasa hesabu. Tuseme mwanamke ambaye mzunguko wake ni wa siku 28 ameanza hedhi tarehe 1 Machi. Yai hutoka na mimba kutunga karibu tarehe 14 Machi. Hedhi aliyoitarajia tarehe 29 Machi haiji. Huenda akadhani ni uchovu, au safari, au joto la kaskazi. Anangoja wiki moja, anangoja ya pili. Tarehe 11 Aprili ni siku ya 28 tangu mimba kutunga. Mrija umefungika, au umeshindwa kufungika, na jambo hilo halirudi nyuma. Tangu akose hedhi mpaka mlango ule kufungwa ni wiki mbili tu.

Akienda kliniki mimba ikiwa katika mwezi wa tano, kama wengi wanavyofanya, itakuwa katikati ya Julai. Foliki atakayopewa siku hiyo bado ina faida kwake na kwa mtoto, kwa damu na kwa ukuaji. Kwa mgongo wa mtoto imechelewa miezi mitatu. Hata yule anayewahi, anayefika kabla ya wiki 12 kama Shirika la Afya Duniani linavyoshauri, mara nyingi ameshaipita siku ya 28.

Ushahidi wa jambo hili hauna shaka tena. Mwaka 1991 ulitangazwa utafiti uliofanywa katika vituo 33 vya nchi saba, kwa wanawake waliokwisha kupata mtoto mwenye kasoro ya mrija wa neva na wakataka kuzaa tena. Waliopewa foliki miligramu 4 kila siku kuanzia kabla ya mimba, hatari ya kasoro kurudi ilipungua kwa asilimia 72. Baadaye China ilijaribu mikrogramu 400, dozi ya kawaida, kwa wanawake wasio na historia yoyote, na kasoro zikapungua pia, hasa maeneo ya kaskazini ambako zilikuwa nyingi. Foliki haizuii zote. Zipo zinazotokana na kurithi, kisukari au dawa fulani, na mama aliyemeza kila kidonge kwa wakati wake bado anaweza kujifungua mtoto mwenye mgongo wazi. Asilaumiwe. Wala asilaumiwe ambaye hakumeza kwa sababu hakuna aliyemwambia.

Kwa nini isianze siku hedhi inapokosekana?

Swali hili huulizwa sana, na jibu lake ni kwamba mwili hauweki akiba ya foleti kwa siku moja. Kipimo kinachoaminika ni foleti iliyomo ndani ya chembe nyekundu za damu. Chembe hizo huishi siku 120 hivi, na foleti huingia ndani yake zinapoumbwa tu, si baadaye. Unapoanza kumeza leo, chembe za zamani zinaendelea kuzunguka na kiasi chao kidogo, na mpya zenye kiasi cha kutosha huongezeka polepole. Kwa mikrogramu 400 kwa siku, mwanamke aliyeanza chini anaweza kuhitaji wiki nane mpaka kumi na mbili kufika kiwango kinachomlinda mtoto vizuri.

Ndiyo sababu ya kusema: mwezi mmoja kabla ni kidogo kinachokubalika, miezi mitatu ni bora, na kuendelea mpaka mimba itimize wiki 12. Kidonge kimoja kila siku. Ukisahau leo, kesho meza kimoja kama kawaida, usimeze viwili kufidia.

Jikoni

Chakula cha kisiwani ni kizuri, na ukikitazama kwa jicho la foleti utaona kina pengo mahali pake. Wali una foleti ndogo mno, kikombe kizima hakifiki mikrogramu kumi. Samaki anayo kidogo. Tui la nazi kidogo. Sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka inashibisha, ina protini nzuri, na samaki huyo ana vitamini B12 ambayo foleti haifanyi kazi bila yake. Lakini foleti yenyewe haimo.

Imo kwenye jamii ya kunde na kwenye majani. Kunde kavu zilizopikwa, kikombe cha robo lita hivi, zina mikrogramu 350 hivi. Pojo zina zaidi ya 300. Maharagwe mekundu 230 hivi. Mbaazi zina 180 hivi, kwa hiyo sahani ya mbaazi za nazi ya asubuhi, ile inayoliwa na mahamri, ni mlo wa foleti kuliko chakula cha mchana chenye gharama mara tatu. Mchicha uliochemshwa una 75 kwa kikombe. Chungwa moja lina 40 hivi, nusu ya ovakado kubwa kama 80, yai 20 na kitu. Maini yana nyingi sana, ila yana pia vitamini A ya aina ambayo ikizidi humdhuru mtoto tumboni. Anayetarajia mimba asiyafanye kitoweo cha kila wiki.

Hizo ni hesabu za ndani ya chungu. Mwilini huingia kama nusu yake tu, kwani foleti ya chakula hufyonzwa kwa shida kuliko foliki ya kidonge. Na kabla ya kufika mwilini kuna maji.

Foleti huyeyuka kwenye maji na huharibiwa na moto wa muda mrefu. Tazama mchunga unavyopikwa. Kwa kuwa ni mchungu, huchemshwa, maji yakamwagwa, pengine ukachemshwa mara ya pili na maji yakamwagwa tena, ndipo ukaungwa. Maji yale ya kijani yanayomiminwa nje ya mlango ndiyo yaliyochukua sehemu kubwa ya foleti. Kwa spinachi, kuchemsha peke yake hupoteza karibu nusu. Uchungu wa mchunga hauna njia nyingine, basi mchunga uliwe kwa ladha yake na usitegemewe kwa jambo hili. Kwa mchicha, mnavu, majani ya kunde na majani ya viazi vitamu njia ipo. Osha majani yakiwa mazima kisha ndipo ukate, maana ukikata kwanza unaosha hata kilichomo ndani. Tia maji kidogo sana, au usitie kabisa, mchicha una maji yake. Funika. Dakika tano hadi saba zinatosha. Tui zito litiwe mwishoni, na mchuzi wote uliwe pamoja na majani, kwa kuwa kilichotoka kwenye jani kimo humo. Mchicha wa nazi uliopikwa hivyo hupoteza kidogo tu.

Kunde na maharagwe ziloweke usiku, umwage maji ya kuloweka ili tumbo lisijae gesi. Hapo kinachopotea si kikubwa. Kosa ni kumwaga maji ya kupikia.

Unga nao una habari yake. Tangu mwaka 2012 sheria ya Kenya inataka unga wa ngano na wa mahindi unaofungwa na kuuzwa viwandani utiwe virutubisho, foliki ikiwamo. Mwanamke wa mjini anayekula mkate, chapati na mahamri ya unga wa pakiti anapata kiasi kila siku bila kujua. Soma ubavuni mwa pakiti: tafuta maneno folic acid, folate au vitamin B9. Lakini nenda bara, Mpeketoni, Hindi au Witu, kwenye familia inayolima mahindi yake na kuyapeleka kwenye kinu cha jirani. Sima ile ni safi na tamu, na haina foliki iliyoongezwa hata chembe, kwa sababu kinu kidogo hakina kifaa cha kuitia. Mkulima huyo, ambaye kila mtu angedhani anakula vizuri zaidi, ndiye anayeikosa foliki ya unga. Na mchele haumo katika sheria ile.

Kwa hiyo, je, chakula kinatosha? Hapana. Mwanamke angelazimika kula vikombe viwili au vitatu vya kunde kila siku, miezi mitatu mfululizo, ndipo akaribie kinachopatikana katika kidonge kimoja. Chakula kizuri kiwe msingi, kidonge kikae juu yake.

Mikrogramu 400 au miligramu 5?

Hapa ndipo makosa mengi hutokea, na kosa lenyewe huanzia kwenye kaunta ya duka la dawa. Miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Kidonge cha miligramu 5 ni mara kumi na mbili na nusu ya dozi ya kawaida. Kwenye maduka mengi ya dawa ukiomba foliki tu bila kusema zaidi, unaweza kupewa cha miligramu 5, kwa kuwa ndicho kinachozoeleka kwa wagonjwa wa selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu. Hakikatiki kwa kisu kikatoa dozi ya 400. Sema wazi: "Nataka foliki ya mikrogramu 400, sina mimba bado," kisha soma pakiti, huandikwa 400 mcg au 0.4 mg. Kama haipo, uliza kituo cha afya kidonge cha pamoja cha chuma na foliki, au vidonge vya vitamini mchanganyiko vya wajawazito, vingi vina kiasi cha 400 hadi 800.

Dozi ya miligramu 5 ina watu wake, nao huandikiwa na daktari: aliyewahi kuzaa au kupoteza mtoto mwenye kasoro ya mrija wa neva, kwani hatari yake ya kupata mwingine ni kama mara kumi ya mwanamke wa kawaida, ambaye yeye au mumewe alizaliwa na kasoro hiyo, mwenye kisukari, mwenye selimundu, na anayemeza dawa za kifafa. Katika dawa za kifafa, valproate ndiyo inayotisha zaidi, na carbamazepine inafuata. Mwenye kifafa anayetaka mtoto asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa sababu kifafa kikimwangusha akiwa mjamzito huweza kumuua yeye na mtoto. Aende miezi kadhaa kabla, abadilishiwe dawa ikiwezekana, aanze foliki kubwa. Wenye virusi vya UKIMWI wanaotumia dolutegravir walitishwa mwaka 2018 na taarifa ya kwanza kutoka Botswana kuhusu kasoro hizi. Takwimu zilipoongezeka, tofauti ile haikuonekana tena, na dawa hiyo inaendelea kutumika kwa wanaotaka kuzaa.

Sababu ya kutowapa watu wote miligramu 5 ni mbili. Ya kwanza, foliki nyingi inaweza kuficha upungufu wa B12, damu ikaonekana sawa huku neva zikiharibika polepole. Ya pili inatuhusu sana sisi watu wa Pwani, nayo ni malaria.

Kuanzia wiki ya 13 ya mimba, mjamzito wa maeneo yetu humezeshwa kliniki vidonge vitatu vya SP, dawa ya kuzuia malaria, kwa mara moja, na hurudiwa kwa kupishana angalau mwezi mmoja, mara tatu au zaidi mpaka kujifungua. SP humuua mdudu wa malaria kwa kumnyima foleti. Mdudu naye anaihitaji ili agawanyike, kama mtoto anavyoihitaji. Ukimeza foliki miligramu 5 kila siku wakati huohuo, unamlisha mdudu kile ambacho SP inamnyima, na dawa huweza kushindwa. Mikrogramu 400 haina athari hiyo, ndiyo maana kidonge cha kliniki kina kiasi hicho. Ukiutazama vizuri, mpangilio huu hauna mgongano: foliki kubwa kwa anayeihitaji huanza kabla ya mimba na kwisha wiki ya 12, SP huanza wiki ya 13, na kuanzia hapo hubaki 400. Mgongano huja pale mtu anaponunua miligramu 5 dukani kwa hiari yake na kuendelea nazo mpaka mwezi wa tisa. Wenye selimundu wamwambie muuguzi kabla ya kumeza SP, wapangiwe.

Nani aseme, na lini?

Muuguzi wa kliniki ya wajawazito hukutana na mwanamke akiwa tayari ni mjamzito. Kwa hesabu tuliyoifanya juu, si yeye anayeweza kuufikisha ujumbe huu kwa wakati. Kisiwani yuko mwingine anayemfikia mapema: somo wa bi harusi. Ndiye anayekaa naye kabla ya ndoa, anayemfunza mambo ya unyumba yasiyosemwa mbele za watu, na maneno yake husikilizwa kuliko karatasi yoyote ya ukutani. Baina ya posa na nikahi mara nyingi hupita miezi. Bi harusi akianza kidonge posa inapokubaliwa, fungate itamkuta damu yake imeshajaa foleti. Kwa maoni yetu masomo wakifundishwa jambo hili moja, watafanya zaidi ya mabango mia.

Kuna faida nyingine. Wanawake wengi huificha mimba changa kwa kuogopa kijicho, na kwa staha, na hiyo ni moja ya sababu za kuchelewa kliniki. Sababu nyingine ni nauli ya boti na kungoja maji kujaa kwenye mkondo wa Mkanda kwa wanaotoka Pate, Faza au Siyu. Kidonge kinachoanza kabla ya mimba hakimtaki mtu atangaze chochote. Hakuna bado cha kufichwa.

Baada ya mtoto wa kwanza, saa ya kuanza hutegemea njia ya uzazi wa mpango. Mwenye kijiti cha mkono au koili anaweza kushika mimba mwezi uleule vinapotolewa, kwa hiyo aanze foliki miezi mitatu kabla ya siku ya kutoa, akiwa bado navyo. Wa vidonge vya kila siku vilevile. Wa sindano ya miezi mitatu, uwezo hurudi kwa kuchelewa, wengine karibu mwaka mzima, ila wengine mapema. Aanze siku anayoamua kutorudi kuchoma. Anayenyonyesha asingoje kuona hedhi, maana yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza, na wapo walioshika mimba ya pili bila kuona hedhi hata mara moja. Na mwenye mume aliye Mombasa, Uarabuni au baharini, tarehe ya likizo yake inajulikana: hesabu miezi mitatu nyuma.

Ramadhani haikatizi dozi. Meza wakati wa daku au baada ya futari, ushikilie wakati mmoja kwa mwezi mzima ili usisahau.

Uvumi upo, na haufai kudharauliwa kwa kuwa unatoka kwenye wasiwasi wa kweli. Foliki si dawa ya kufunga kizazi kwa siri, haigusi yai wala homoni. Haimnenepeshi mtoto hata akashindwa kutoka. Choo cheusi, tumbo kufunga na kichefuchefu vinavyowafanya wengi wavitupe vidonge vya kliniki vinatokana na chuma, si foliki. Foliki peke yake haina usumbufu huo. Ikiwa unacho kile cha pamoja na kinakusumbua, kimeze usiku baada ya chakula, na usikisindikize na chai, kwa kuwa chai huzuia chuma kufyonzwa.

Hifadhi pia ni jambo, kwa unyevu wa visiwa vyetu. Vidonge vilivyomiminwa kwenye bahasha ya karatasi na kuwekwa karibu na jiko hulainika na kubadilika rangi, na nguvu hupungua. Vitie kwenye kichupa kikavu chenye kifuniko, chumbani, mahali pa juu. Juu hasa: vidonge vyenye chuma vina rangi inayowavutia watoto, na vichache tu vinaweza kumuua mtoto wa miaka miwili.

Na aliyesoma hapa akiwa tayari ni mjamzito, hakumeza chochote? Watoto walio wengi mno huzaliwa wazima hata kwa mama ambao hawakumeza, kwa hiyo asikae na hofu. Kama hajatimiza wiki 12 aanze leo, mikrogramu 400. Kama ameshapita, aende kliniki apewe kidonge cha pamoja mpaka ajifungue. Akiweza, apigwe skani baina ya wiki 18 na 22, amwombe anayempiga autazame mgongo wa mtoto pingili kwa pingili pamoja na kichwa. Mgongo wazi ukionekana mapema, kujifungua hupangwa hospitali yenye daktari wa kupasua watoto. Na mtoto akizaliwa nao kituo cha mbali bila kutarajiwa, alazwe kifudifudi au ubavu, kidonda kifunikwe kwa kitambaa kisafi kilicholowanishwa maji ya chumvi ya hospitali, kisipakwe mafuta wala dawa ya miti, na boti itafutwe saa hiyohiyo.